Mama Pindo na Ukoo wa Daraja

Kwenye kona yetu ya wodi tulikuwa watatu: mimi, dereva wa lori niliyeshushwa barabarani na figo, mwalimu wa hesabu, na mshonaji wa sare za shule tuliyemwita Mama Pindo. Mara tatu kwa wiki tulikaa kwenye viti vile virefu, mkono mmoja umefungwa mipira, mashine ikitusafisha damu kwa masaa manne. Mkono wa pili ulikuwa huru, lakini hauna kazi.

Mama Pindo ndiye aliyeupatia kazi. Mjukuu wake alimfundisha mchezo wa kusimulia: kila mchezaji anajitwalia mtu wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefaulu au ameumia. Akatuletea dadu mbili na kifuniko cha kopo cha kurushia.

Siku ya kwanza tuliharibu. Ukoo wetu wa kubuni ulikuwa unajenga daraja. Mtu wangu yuko katikati ya mto, kamba mkononi, mara mashine ikalia na muuguzi akaja kutoa sindano. Nikarudi nyumbani nimemwacha majini. Siku mbili sikutulia. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikaona haya kumwambia.

Kikao kilichofuata Mama Pindo alikuja na daftari.

"Kuanzia leo kikao kimoja ni maisha ya mtu mmoja," alisema. "Saa ya kwanza ni kijana, mbili za katikati mtu mzima, ya mwisho mzee. Mashine ikilia, umekufa. Kikao kijacho unakuwa mtoto wako mwenyewe."

Mwalimu hakupendezwa. "Yaani nihangaike na mtu wangu, halafu nimzike kwa sababu mashine imepiga kelele?"

"Wanafunzi wako unakaa nao miaka mingapi?" Mama Pindo alimuuliza.

"Minne."

"Halafu?"

"Halafu naletewa wengine," Mwalimu alisema, akachukua dadu.

Tulicheza vizuri vizazi viwili. Cha tatu kikapooza. Kila mtu alikuwa amemrithisha mwanawe mashamba, zana, nyumba, mpaka watoto wakakosa la kufanya. Mama Pindo akafungua daftari, akafuta ukurasa mzima wa sheria zake.

"Mimi nikishona sare ya mtoto naacha kitambaa kwenye pindo, mwakani mama yake aikunjue," alisema. "Nyie mnawashonea watoto nguo za kubana. Sasa utamwachia mwanao vitu viwili tu: kazi ambayo hukuimaliza, na kosa lako moja, ulitamke kwa mdomo wako."

Siku hiyo mtu wa Mwalimu, bibi mmoja mbishi, alikufa akisema, "Nguzo ya tatu niliiweka vibaya, nikanyamaza." Kikao kilichofuata Mwalimu alikuwa mwana wa bibi yule, na kazi yake ilikuwa kuing'oa nguzo. Alizishika dadu bila kuzirusha.

"Mama yangu mzazi hakuwahi kuniambia alipokosea," alisema. Tulimsubiri. Masaa yalikuwepo.

Ndipo binti mkubwa wa Mama Pindo, fundi umeme, alipopimwa na kuonekana figo yake inamfaa mama yake. Mama Pindo akakataa. Wiki mbili nzima anakataa. Binti akamfuata wodini na viatu vyake vya kazi.

"Mama, utanikatalia mpaka lini?"

"Mzazi ndiye anayemwachia mtoto."

"Nani kasema?"

"Daftari langu."

Mimi nilijifanya natazama mashine yangu. Mwalimu ndiye aliyesema, taratibu, "Mama, ukurasa mzima ulishawahi kuufuta."

Mama Pindo akamwambia binti yake avute kiti.

Upasuaji wa wote wawili ulikwenda salama. Siku alizolazwa, binti alipona haraka akawa anazunguka kuwasumbua wauguzi. Mama Pindo ameshona sare za muhula mzima sasa, na simu zake huja siku zetu za kiti, kuuliza daraja limefika wapi. Daftari aliniachia mimi. Ukurasa wa mwisho, kwa penseli, ameandika: "Mtoto anaweza kumpa mzazi mwaka mmoja wa kuishi. Mzazi haruhusiwi kukataa zaidi ya mara mbili."

Kwenye kiti chake sasa anakaa mama muuza mikate, mchezaji hodari, mkali wa sheria kuliko sisi. Nami namshukuru Mungu kwa wote hao. Zamani nilikuwa nahesabu kila dakika ya mashine; siku hizi ikilia tunabaki tunashangaa muda umekwishaje.

Juzi mashine ya Mwalimu ililia, muuguzi akaja ameshavaa glavu. Mwalimu akainua mkono ulio huru.

"Dada, nipe dakika mbili. Mtu wangu anatamka kosa lake."

Muuguzi alizima kelele, akaegemea ukuta, akasikiliza.