Amina Iliyotangulia

Nyanya yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Paka akipita humwambia, "Umekula, mwanangu?" Mimi nikipita hunifukuza, "Toka jikoni we!"

Madaktari wa macho walipokuja Malindi, alikubali kupasuliwa, lakini kwa sharti. Watoto wake watatu wamwombee kwanza, pamoja, sala moja. "Nimewazaa kwa tumbo moja," alisema. "Nisikie sauti moja kabla ya hicho kisu."

Mtaona ni sharti dogo. Hamwajui watoto wake.

Mjomba wa Mariakani, mkubwa wao, ni Mkatoliki, rozari haimtoki mfukoni. Mama yangu ameokoka, na akianza kuomba hapa mtaani kwetu Barani majirani hufunga madirisha. Mama mdogo wa Marafa ni Msabato. Anakaa karibu na lile korongo ambalo wageni huliita jiko la jehanamu, na akikutazama unahisi ameshakuwekea nafasi humo.

Jumapili jioni, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya upasuaji, wakakusanyika sebuleni kwetu. Mjomba akatoa chupa ya maji ya baraka. Mama akatoa chupa ya mafuta.

"Bado kitunguu tu, tupike," nikasema. Mama akanifinya.

"Mimi sipigi magoti penye rozari," mama mdogo akaanza.

"Na mimi sitaki kelele," mjomba akasema. "Mungu si kiziwi."

"Wala hahitaji kusomewa maneno ya kukariri, kaka!" Huyo ni mama yangu.

Nyanya alikuwa ameketi, leso magotini, akigeuza uso kila sauti ilikotoka. Ikanikera. Kesho anapasuliwa jicho, hawa wanashindana kama timu za mtaani!

"Si mseme Baba Yetu?" nikasema. "Hata mimi naijua, na mimi kanisani hulala."

Wakatazamana, wakakubali. Nyanya akatandaza mikono, wakaishika. Mstari wa kwanza ukatoka sauti moja, nikaona uso wake ukilegea. Mstari wa pili, mjomba akashika maneno ya kanisa lake, wale wawili wakashika yao. Maana ni ile ile, lakini kila mmoja akapandisha sauti ili yake ndiyo isikike. Mjomba akawahi kufika.

"Amina!"

Wenzake walikuwa bado wanaendelea na kile kipande cha mwisho, "Kwa kuwa ufalme ni wako," ambacho yeye hukiacha.

"Mbona mnaongeza?"

"Wewe ndiye umekata!"

Wakafungua Biblia. Kila mtu yake! Nyanya akavuta mikono yake taratibu.

"Siendi," akasema.

Walidhani ni hasira za jioni. Asubuhi jirani yetu, Mwislamu mwenye tuktuk, akaja kumchukua. "Shikamoo bibi. Tayari?"

"Marahaba, baba. Nenda tu. Wanangu hawajamaliza kuomba."

Mjomba akabembeleza. Mama akalia. Mama mdogo akasema, haya, tuombe kimya kimya, kila mtu moyoni mwake.

"Kimya chenu nimekisikia miaka yote," nyanya akamjibu.

Madaktari wakamaliza kazi yao, wakaondoka. Sasa makanisa matatu yanamwombea macho, kila moja kwa siku yake, na mama hunihadithia kwa fahari. Miiba ya samaki namtolea mimi. Chooni nampeleka mimi, nikimtania kwamba nimempita mpaka paka kwa cheo. Yeye hucheka. Mimi sicheki sana siku hizi.

Juzi tukasikia madaktari watarudi. Nikamuuliza, "Utaenda?"

"Wakisali."

"Wasiposali?"

Akapapasa mkekani mpaka akampata paka, akawa anamkuna shingo.

Nikatoka uani nikampigia mjomba.

"Mimi niko tayari hata leo," akasema. "Ila tukubaliane kwanza, mjomba: tutasema kwa maneno ya kina nani?"

Nikamkatia simu. Mungu anisamehe, kwa maneno yoyote yale.