Ufa Begani mwa Msalaba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la nne, na leo karakana yangu pale Masasi ina mashine tatu na mafundi sita. Mti naujua kwa kuugonga na ukucha tu.

Kwa hiyo kanisa la kijijini kwetu, juu huku Newala ninakoishi, lilipotaka msalaba wa kutundika nyuma ya madhabahu, nilisimama mbele ya watu nikasema nitauchonga mimi, wa mpingo, na Yesu wake, iwe sadaka yangu. Mungu kanipa mikono, nami nimpe kazi ya mikono. Nilimaanisha. Kila asubuhi niliomba kabla ya kushika patasi, na siku uso ulipotokea kwenye gogo nililia, mtu mzima mimi.

Mzee aliyenifundisha kuchonga alipita akakuta nimefika magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akapitisha kidole kwenye mti, akakinusa. "Huu umekatwa lini?"

"Mwaka huu huu."

"Yesu wa mpingo mbichi? Atakupasukia huyo."

"Baba, zama zenu hazikuwa na mashine."

"Haya, mwenye mashine." Akaondoka anacheka.

Mpingo mbichi ni laini, mkavu unavunja patasi. Na Pasaka ilikuwa mlangoni.

Tukautundika kwa vyuma viwili, vigelegele vikalia. Chini yake husimama kwaya, na mke wangu yuko mstari wa mbele, katikati, kwa sababu ndiye anayeanzisha nyimbo.

Mwezi wa sita upepo mkavu wa huku juu ukaanza. Jumapili moja, katikati ya sala, nikasikia: ta. Kama mtu kavunja kijiti. Hakuna aliyegeuka. Nikainua macho, nikaona mstari mwembamba begani mwa Yesu.

Wachongaji tuna dawa yetu: unga wa mpingo na gundi, juu yake rangi nyeusi ya viatu. Jumatatu nikapanda ngazi nikaziba. Mama anayefagia kanisa nikamwambia nafuta vumbi.

"Fundi, wewe unampenda Mungu," akasema.

Baada ya wiki mbili, ta. Nikaziba tena. Ufa ukashuka, ukapinda kukifuata chuma kinachoushikilia msalaba. Mahubiri nikawa siyasikii. Nilikuwa natazama kichwa cha mke wangu na kuhesabu beti zilizobaki.

"Leo simama nyuma," nilimwambia tukiwa njiani.

"Nyuma ya nani?"

"Basi tu."

"Unaionea aibu sauti yangu?" Akaenda kusimama palepale.

Kusema ukweli kungenifanya fundi aliyempa Mungu mti mbichi. Usiku nikapiga magoti, nikajikuta namwomba Mungu aishikilie gundi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa sadaka, alianzisha wimbo. Ta. Ta. Unga mweusi ukamwagikia kitambaa chake cheupe cha kichwani. Akaupangusa, akaendelea kuimba.

"Tokeni hapo chini!" Nilikuwa nimeshasimama. "Padre, wasogeze! Mti ni mbichi, umepasuka, nauziba kwa rangi ya viatu tangu mwezi wa sita!"

Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Ina maana tumesujudia rangi ya viatu?" Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alitazama juu, akatoka pale taratibu, akapita mbele yangu kama hanijui.

Mchana tulipoushusha msalaba, mkono mzima uling'oka kuanzia begani ukabaki kifuani kwangu, mzito kama mtoto aliyelala.

"Utachonga mwingine?" Padre akauliza.

"Mkavu," nikasema.

Kule Nanganga kuna mjane wa mchongaji, ana gogo la mpingo lililokauka miaka mingi, analikalia akimenya mihogo. Hakupunguza bei hata kidogo. Gogo hilo, gari la kulipandisha Newala, patasi tisa zilizokatika na kitambaa kipya cha mke wangu: shilingi laki sita, themanini na nne elfu na mia tano.