Simu za Watu wa Kilio

Mama alikuwa amelala ndani ya jeneza, sebuleni kwetu Kalundu, nami nilikuwa nimekaa chini ukutani, kompyuta juu ya magoti. Dada yangu mkubwa, ambaye anaishi ng'ambo miaka mingi, alitaka kumwona kwa video kabla ya jeneza kufungwa. Kwetu, asiyeuona uso wa marehemu hamalizi kilio chake. Mchungaji alishasimama mlangoni akiangalia mawingu juu ya milima.

Picha ya dada ilikwama kwenye kioo, mdomo wazi, kisha ikawa giza.

"Yaya," nilimwita dada, "unanisikia?"

"...mama iko wap..."

Nimezunguka sana, Kigoma, Bujumbura, Kalemie. Kazi niliyodumu nayo angalau kidogo ni ya kutunza mashine katika vyumba vya intaneti, na huko ndiko nilikoipata programu moja ndogo. Inatuma ujumbe mfupi mbali na kupima unavyochelewa kurudi. Inaonyesha pia kila simu iliyoingia kwenye mtandao wa nyumba na kiasi cha intaneti inachovuta. Niliifungua. Tangu niliposhuka kwenye gari asubuhi sikuwa nimesikia chochote moyoni, na nilishukuru kupata kitu cha kusoma.

Ujumbe ulifika vizuri kwenye modemu iliyokuwa juu ya kabati. Kutoka hapo kwenda nje ndipo ulipopotea. Nikaangalia orodha ya simu. Ilijaa kioo kizima na bado iliendelea chini.

"Mama mudogo," nilimwita mdogo wake marehemu, "ni weye uliwapa watu kode ya intaneti?"

"Sasa? Muntu amekuja kulia na sisi, anaomba koneksio, nimunyime? Maji tunawapa, viti tunawapa."

Nilichungulia nje. Chini ya turubai kila mkono ulikuwa na simu. Walishapita mbele ya jeneza, wakapiga video, na sasa walikuwa wakizituma Bukavu, Lubumbashi, Amerika. Watu wa mbali wote walikuwa wakimwona mama, isipokuwa mtoto wake wa kwanza.

Ningeweza kuwakata wote kwa kubonyeza mara moja. Mama mdogo aliona kidole changu, akanishika mkono.

"Usiwakate! Watasema tumewafukuza ku kilio."

Akatoka mwenyewe mlangoni.

"Ba-ndugu! Mufunge intaneti kidogo, mutoto aone mama yake. Na weye shemeji, hata ule mupira unaangalia, funga!"

"Miye naangalia? Iko inajifungua yenyewe!"

Walicheka, hata waliokuwa wakilia. Kwenye orodha simu zilianza kuondoka, moja, kisha kadhaa pamoja. Ujumbe wangu ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

Uso wa dada ukatulia. Nilisimama, nikaielekeza kompyuta kwenye jeneza na kuinama pembeni ya kioo ili niendelee kuona namba za ujumbe wangu. Hazikuyumba. Dada alilia taratibu, bila kukatika hata mara moja. Mchungaji akakohoa.

"Kile kitambaa cha kichwa," dada aliuliza, "ni kile cha kijani mulimufunga?"

Mama alikuwa karibu nami kiasi cha kumgusa. Nilitafuta picha yake ndogo kwenye kona ya kioo, ile iliyokuwa ikienda kwa dada, nikaangalia hapo.

"Ndiyo, yaya," nilisema. "Ni cha kijani."