Kwa Dira Hadi Buffalo

Nilisafiri kwa ajili ya daftari. Baba mkubwa wangu, Mzee Muhizi wa Buffalo, ujanani alikuwa fundi kwenye lori la vipuri katika mashindano ya mwanzo mwanzo ya magari jangwani, enzi ambazo dereva alikuwa na dira, karatasi ya njia na Mungu wake. Yote aliyaandika. Mimi, mwendesha foklifti na mwendawazimu wa magari, nimelitamani daftari hilo tangu utotoni. Mwezi huu akanipigia simu.

"Bon, kuja uichukue. Lakini ukuje na dira na karatasi, simu ifungwe mu buti ya gari. Ufike Jumapili, mbele ya kanisa kuisha. Ukishindwa, watanizika nayo."

Jumamosi asubuhi, kwangu Okolona, mtaa wa Louisville. Nilibandika dira kwenye dashibodi, nikaondoka nikiimba kama bwana harusi. Karatasi aliyonitumia ilikuwa fupi: kaskazini mashariki hadi Columbus, kisha hadi ziwani, halafu mashariki, ziwa likiwa kushoto.

Columbus nililala kwa shangazi Nabintu. Alfajiri akanipakilia unga wa muhogo na sufuria nzito ya chuma, akaviweka kiti cha mbele.

"Shangazi, nachelewa!"

"Unaenda kwa mukubwa mikono tupu? Watauliza ulilelewa na nani."

Saa tatu asubuhi, ziwani; barabara kuu ilinifikisha moja kwa moja, bila kuitazama dira. Nilipoona maji nilipiga kelele peke yangu kwa furaha. Dira ilisema mashariki, nikakanyaga mafuta. Ila ziwa lilikuwa kulia. Nililiona, nisidanganye. Nikajiambia dira haikosei, nikaenda karibu saa nzima nikibishana na ziwa. Mwishowe nikaingia kituo cha mafuta, nikamuuliza bibi mmoja Buffalo iko wapi. Akanionyesha nilikotoka! Niliporudi garini nikaihamisha ile sufuria kutoka kitini hadi kwenye buti, na sindano ya dira ikazunguka papo hapo. Chuma kilikuwa kimeivuta. Nikageuza gari nikiwa nimeloa jasho la aibu.

Saa nane mchana, West Side ya Buffalo. Kanisani ibada ilikuwa imekwisha, walikuwa wakipanga viti. Mzee Muhizi alikaa mlangoni, daftari mapajani.

"Umechelewa."

"Nilipotea, baba mkubwa. Sufuria ya shangazi ilivuta dira."

"Ulijua aje kama umepotea?"

"Ziwa lilikuwa upande mbaya. Nikauliza mtu, nikageuza."

Akanipa daftari.

"Lakini nimeshindwa," nikasema.

"Donc, soma kwenye nilikunja."

Ukurasa uliokunjwa ulikuwa na mistari michache ya kalamu ya risasi: "Sanduku ya spana ilikaa karibu na dira. Jua iko upande mubaya. Mimi najua. Patron, dereva wetu, hapendi kuambiwa na fundi. Nikanyamaza." Chini yake: "Siku ya pili tunakunywa maji ya rejeta. Leo asubuhi patron hakuamuka."

Nikainua macho. Mzee alikuwa akiisifu sufuria ya shangazi kwa sauti kubwa mno.

Nimerudi Okolona, daftari liko kando ya kitanda. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Mzee wangu alinituma njia yote ile ili ajue kama mimi nitauliza.