Kiwiko, Kwelea na Kuku Wangu wa Mikumi

Mimi kazi yangu ni viungo. Si uganga, jamani, ni fiziotherapia: nanyoosha, nakanda na kugombeza watu wa Kilosa wenye migongo na magoti yaliyochoka. Kiwiko cha besiboli sikuwahi kukiona mpaka mwalimu wa michezo wa sekondari moja alipoingia kwangu na binti wa kidato cha pili, mkono wake wa kulia kaubeba kwa wa kushoto kama kichanga.

"Shikamoo daktari," binti akasema.

"Marahaba. Umeanguka?"

"Hapana. Nimerusha."

Kumbe mwalimu alikuwa amehudhuria semina, akarudi na gongo la kupigia mpira, glovu chache na mchezo ambao majirani wa shule waliuona ni wazimu mtupu: unapiga mpira, halafu unakimbia mbio zote kurudi ulikotoka. Binti huyu ndiye alikuwa mrushaji wake. Alirusha kwa kasi hadi mdakaji wake akawa anafumba macho na kusali.

Nikakunja kiwiko chake kidogo, nikausukuma mkono kwa nje. Akaruka pale kitandani. Kano la upande wa ndani, ule ukanda unaoshikilia mfupa wa juu na wa chini isiachane, lilikuwa limevutika, ila halijakatika. Nikawaambia wazi: akipumzika litapona, akiendelea litakatika, na hapo atahitaji upasuaji ambao huku kwetu haupo, na kurusha ndiyo basi tena. Binti akaanza kulia. Aliupenda ule mchezo kuliko chakula, na kabla yake hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni hodari wa kitu chochote. Roho iliniuma.

"Barafu asubuhi na jioni," nikasema, "na mchezo marufuku!"

Barafu aliyonunua ilikuwa ya ukwaju, ile ya kwenye kimfuko. Anaiweka kiwikoni, ikianza kuyeyuka anainyonya. Sikumkataza, barafu ni barafu.

Tabu ni kwamba hakupona. Kila akija, kiwiko kimevimba upya. Nikajua tu, mwalimu anamrushisha kwa siri kwa sababu mechi ya Mikumi imekaribia. Nilimfuata hadi uwanjani nikamchamba mbele ya wanafunzi wake. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake, akataka kuapa hata kwa lile gongo. Sikumwamini ng'o. Nikapanda bodaboda hadi Zombo, kwa bibi anayemlea yule binti, nimwombe tushirikiane kumbana yule mwongo.

Bibi nilimkuta kwenye shamba la mpunga, kanga kaifunga kiunoni. Na juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia ndege, alikuwa amesimama mgonjwa wangu, na rundo la madonge ya tope pembeni. Kundi la kwelea likashuka. Binti akainua goti vilevile walivyomfundisha shuleni, akajikunja, fyuu! Donge likatua katikati ya kundi. Halafu jingine. Halafu jingine.

"Wewe!" nikapiga ukelele, hata kwelea waliokuwa wamekaidi wakaondoka.

Kisha nikakumbuka adabu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona unafoka?"

"Bibi, si nilimkataza?"

"Ulikataza mchezo," bibi akanijibu taratibu. "Mchezo ameacha. Hii ni kazi. Tangu lini kazi ikaumiza mkono? Mimi namwambia arushe sana, mkono ulainike."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kulala palepale kwenye matope. Nikamweleza na kumbembeleza bibi hadi koo likakauka. Mwishowe tukafunga makopo matupu kwenye kamba ndefu, binti awe anaivuta kwa mkono wa kushoto. Mwalimu nikamwomba radhi kwa shingo upande, naye akaleta timu nzima ije kutupa madonge. Walikuwa ovyo kabisa. Donge moja lilimpata mwalimu shavuni, bibi akacheka hadi akakaa chini. Mimi nikamwapisha binti: hakuna kurusha. Si mpira, si tope, si jiwe, si ganda la ndizi.

Mechi ya Mikumi ikafika kabla sijamruhusu. Akaja kutazama tu, akakaa na mimi pembeni ya uwanja, akibinyabinya mpira mkononi kama nilivyomwelekeza. Wenzake walikuwa wanachapwa vibaya. Mwalimu akawa anamtazama kwa macho ya kuomba, nami namtazama mwalimu kwa macho ya kuua. Miguu ya binti haikutulia.

Mara nyani dume akatoka kwenye vichaka. Hakuuliza mtu. Alikuja moja kwa moja kwenye kikapu changu cha chakula, akachomoa kuku mzima wa kukaanga.

"Mtupie!" uwanja ukalipuka, timu zote mbili na watazamaji. "Mtupie!" Na aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi.

Binti akasimama. Goti likapanda, mkono ukaenda nyuma. Nyani alikuwa karibu kiasi kwamba hata bibi yake asingemkosa. Binti akaganda hivyohivyo, akanigeukia.

"Daktari, huu ni mchezo au kazi?"

Loo! "Shusha mkono," nikasema, huku kuku wangu akipanda mti.

Akaushusha. Nikaukamata, nikakunja kiwiko, nikabonyeza upande wa ndani, nikausukuma mkono kwa nje. Nikamkazia macho usoni. Hakuruka.

"Hauumi," akasema polepole. Kisha akapaza sauti. "Daktari, hauumi kabisa!"

Nikalia palepale, makamasi na yote. Watu wa Mikumi mpaka leo wanaamini nilikuwa namlilia kuku.