Kamba za Bi Mardhiya Siku ya Baraza

Bi Mardhiya Kificho, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani hapa kwetu Micheweni, hajui kukaa kitako. Mimi ni jirani yake wa nyumba mwaka wa ishirini huu, na sijapata kumwona akimaliza kikombe cha chai.

Ndiye aliyetuwekea ada moja: mwanamke asiyefika pwani kwa uzazi, maradhi au msiba, jirani yake wa shamba humfungia mbegu, vile vijitawi vya mwani, kwenye kamba kwanza, kabla hajagusa zake mwenyewe. Shadya, aliyepakana shamba na Bi Mardhiya, mdogo wa kikundi kwa umri lakini si kwa ulimi, aliipinga tangu siku ya kwanza. Alisema maji hayamsubiri mtu, na kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwaka huu Mwakilishi wetu akapeleka hoja ya kumpongeza Bi Mardhiya katika Baraza la Wawakilishi kwa ada hiyo hiyo. Mwaliko ulipofika tulifurahi sote isipokuwa mwenyewe. Tarehe iliangukia bamvua, siku zile chache maji yanapokupwa mbali sana, ndipo mwani hupandwa. Ukiikosa, umekula hasara ya mavuno mazima. Ada ilitaja uzazi, maradhi na msiba. Kwenda kupongezwa haikutaja. Kuomba akaona haya, na kumwomba Shadya ndiyo kabisa. Aliniambia miaka yote kawafungia wenziwe, ila hajui kama yupo wa kumfungia yeye. Nikamwambia aondoe wasiwasi. Ukweli, hata mimi sikujua.

Akaenda Unguja. Tulimwona kwenye televisheni: Spika kamtaja, kasimama jukwaa la wageni, Wajumbe wanagonga meza, naye bibi huyo kageuka anamuuliza ofisa wa pembeni saa ngapi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Meli ya usiku ilimshusha bandari ya Mkoani alfajiri. Hakupita nyumbani. Alikuja moja kwa moja pwani na buibui lake jipya, maji yameshakupwa, akazikuta kamba zake zote kumi zimejaa mbegu. Za Shadya, sita zilikuwa tupu. Maji ya jana yalimrudia kabla hajamaliza, na leo alikuwa peke yake kwenye kamba zake, sisi tukiwa kwenye zetu, kainama, anajitahidi kufidia.

"Mwanangu, kwa nini ukaanza na zangu?" Bi Mardhiya aliuliza.

Shadya hakuinua kichwa. "Si hukuwepo weye?" alisema. "Mie ningeanza na za nani?"

Bi Mardhiya alilia pale pale, mbele yetu sote, wala hakujifuta. Makofi ya Baraza zima hayakumtoa chozi. Kisha akapandisha buibui magotini, akachota mbegu kwenye tenga la Shadya, akashika kamba ya kwanza. Maji yaliporudi, kati ya zile sita zilikuwa zimebaki tupu mbili.