Siku Niliyomtunza Ernesto

Aibu hii sijawahi kuisimulia nikaimaliza, na nyie mkitaka kucheka chekeni, ila mjue mwenzenu sicheki.

Miaka ile ya themanini nilikuwa nakaa ugenini kwa Waswidi, mtaa wa Rågsved, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee huko Farsta, tunaosha vyombo mimi na Mmeksiko mmoja anaitwa Ernesto. Miaka sita tunaosha sahani pamoja, na yeye kila siku ananiambia ujanani alikuwa mwimbaji, yeye na wenzake wanne walikuwa wakipiga roki kwenye gereji ya mjomba wake, wakatoa santuri moja tu nayo ikapotelea huko, na mimi namjibu haya baba, nipe hivyo vikombe. Jikoni hakuna aliyemwamini. Mpishi mkuu hata jina lake hakulitaja, alimwita "wewe wa sahani".

Basi si vijana wawili wa Kiswidi wenye duka la santuri kule Söder wakaipata santuri ile, sijui waliitoa wapi, wakaitoa upya! Jalada jipya kabisa, na picha ya Ernesto ana miaka ishirini, nywele zimemfunika macho. Wakamwomba aje dukani Jumamosi mchana, aimbe kidogo na kusaini. Akatualika mimi na mpishi mkuu.

"Zaina," akaniambia, huku akilipiga pasi koti lake kwa pasi ya kazini (ile ya aproni), "Jumamosi yule mpishi atajua mimi ni nani."

Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka sana.

Nikaenda na shoga yangu Nakato, Mganda aliyekuwa akikaa mtaa wa Husby, nikanunua santuri yangu mapema ili anisainie. Ernesto akaanza. Jamani, aliimba! Gitaa linakwaruza, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka, na wale Waswidi wamesimama kimya, mikono wameikunja kifuani, utadhani wako foleni ya posta. (Leo najua wakipenda kitu ndivyo wanavyosikiliza. Siku ile nilijua? Sikujua.) Roho ikaniuma. Mimi mtoto wa Tanga, kwetu mwimbaji akikugusa unainuka unamtunza, huwezi kumwacha hivihivi! Nikafungua pochi, nikatoa noti ya krona hamsini, nikaenda mbele najitikisa, kigelegele juu, nikambandika katikati ya paji la uso. Ikanata. Nakato naye akaja na yake.

Ernesto akanitumbulia macho lakini akaendelea kuimba. Ningerudi nyuma pale, yangeisha. Wapi! Nikawageukia watu nikawapungia mkono, njooni, njooni! Wakatazamana, halafu mama mmoja akamtumbukizia sarafu mfukoni mwa koti (lile lile la pasi), mwingine akatupa kwenye mkoba wa gitaa uliokuwa wazi sakafuni, na mwisho akaja mpishi mkuu, akadondosha krona kumi, akampigapiga begani na kusema kwa sauti, duka zima likasikia:

"Maskini Ernesto, kama una shida ungetuambia mapema."

Gitaa likanyamaza. Ernesto akaibandua noti yangu taratibu, akanitazama. Nikaanza kueleza kwamba kwetu hii ni heshima, Kiswidi chote kikanitoka, nikawa nachanganya na Kiswahili mbele za watu.

"Hata wewe, Zaina?" akasema, akatoka nje, na santuri zake zikabaki mezani bila kusainiwa hata moja.

Jumatatu nikakuta jikoni kasha la karatasi lina tundu juu, na mwandiko wa mpishi mkuu: Tumsaidie Ernesto. Ernesto akaingia, akausoma, akavua aproni, akaikunja, akaondoka. Hakurudi tena. Noti yangu nilikuja kuiona mfukoni mwa aproni yangu, kumbe alikuwa amenirudishia. Nilimfuata mpaka kwake, akachungulia, akanifungia mlango.

Tangu hapo simtunzi mtu. Harusini wakinisukuma, "Dada Zaina, inuka basi!" naikalia mikono yangu, na wakiniita mchoyo, waniite. Santuri ninayo, na noti ile nimeiweka ndani ya jalada.

Mpishi mkuu alistaafu huku akijisifu jinsi alivyomchangia yule Mmeksiko maskini. Sikumkatiza hata siku moja. Ningeanzia wapi, na wa kwanza kutoa nilikuwa mimi?